Neno "Kind" na Mizani ya Mfasiri

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "kind" ni mwema, na kwamba neno hilo hilo, likiwa jina, ni aina au jinsi. Mara nyingi huachwa akidhani kuwa hayo ni maneno mawili yaliyofanana sauti kwa bahati tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Sivyo, asili yake ni moja. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilihusu uzazi na maumbile: wa "kind" moja ni wale wa nasaba moja. Baadaye likaja kumaanisha kumtendea mwingine kama atendewavyo ndugu. Hata jinsi ya Kiswahili, iliyopitia Kiarabu kutoka Kiyunani, ni jamaa yake wa mbali kwa shina.

Shakespeare aliandika wakati maana hizo zote zilipokuwa zingali hai, naye alizitumia pamoja. Katika mchezo ambao Julius Nyerere aliufasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), tendo la kwanza, onyesho la tatu, Shylock anakubali kukopesha dukati 3,000 kwa miezi 3 bila riba, dhamana ikiwa ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Tendo hilo analiita kwa neno lenyewe hili. Akiisha kuondoka, Antonio naye analitumia, akifanya mzaha kwamba Myahudi huyo yu karibu kuwa Mkristo. Msikilizaji wa London alisikia mambo mawili kwa mpigo mmoja: Shylock amekuwa mwema, na amekuwa wa jinsi ya Antonio. Sifa na tusi vimo katika silabi moja.

Mfasiri ashike lipi? Wema ni neno safi mno kwa mkataba huu. Mtu hutenda wema akaenda zake, bila hati wala shahidi. Fadhila lafaa zaidi kinywani mwa Shylock, kwa kuwa fadhila hulipwa, na asiyeilipa huambulia masimango. Hisani yakaribiana nayo. Huruma ni ya mwenye nguvu kwa mnyonge. Mahali pake ni barazani, katika tendo la nne. Lakini katika hayo yote hakuna hata moja ligusalo jinsi.

Labaki utu. Neno hili limepita njia ile ile: kutoka kuwa mtu hadi kutenda kama mtu. Hata hivyo eneo lake ni pana zaidi. "Kind" ya kale huuliza mtu ni wa nani, utu hauulizi. Kwa hiyo Antonio akisema kuwa Shylock ameanza kuwa na utu, dhihaka yake yawa nzito kuliko ya Kiingereza, maana amekwisha kumtoa mwenzake katika hesabu ya watu. Yaweza kudaiwa kwamba huko ni kumzidishia Shakespeare. Dai hilo lina nguvu, lakini lasahau tendo la tatu, ambapo Shylock anataja viungo na hisia za Myahudi, kimoja baada ya kingine, ili kuonyesha kuwa havina tofauti na vya Mkristo. Anachodai hapo ni utu, na msikilizaji wa Kiswahili aliyekwisha kulisikia neno hilo katika tendo la kwanza angelijua ni nani aliyemnyima. Tena katika tendo la nne Shylock analazimishwa kuwa Mkristo, na mzaha wa Antonio wageuka kuwa sharti la hukumu.

Kwamba mfasiri alitambua thamani ya neno lenye nyuso mbili, jina la tafsiri ni ushahidi wa kutosha. Bepari wa zamani alikuwa mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha (1967) masikio ya wengi yalisikia mnyonyaji. Tena jina la Kiingereza lataja mfanyabiashara mmoja, ilhali la Kiswahili limo katika wingi. Kwa kiambishi kimoja, Antonio na Shylock wamewekwa katika jinsi moja.