"Utengamao" wa Mgonjwa wa Akili: Istilahi na Ipimwe Kijijini

Istilahi haihukumiwi kwa kupendeza kwake katika orodha, bali kwa kazi inayoifanya kinywani mwa mtu anayeihitaji. Kwa kipimo hicho twapenda kuyachunguza maneno yanayotumika kutaja huduma ya kumwezesha mgonjwa wa akili kurudia maisha yake akiwa kwao, miongoni mwa watu wake. Wafasiri huiita huduma hiyo mara ukarabati, mara urekebishaji, mara utengamao. Kisha huongeza maneno "yenye msingi wa kijamii".

Tuanze na ukarabati. Wakazi wa Mwanza walioshuhudia ukarabati wa meli ya MV Victoria, uliokamilika mwaka 2020, wanaijua vyema maana ya neno hilo: chombo hulala, mafundi hufanya kazi, kisha chombo hurudishwa majini. Chombo chenyewe hakina la kusema. Neno hili, likivishwa binadamu, humwondolea sauti yake.

Urekebishaji una kasoro nyingine. Anayerekebishwa hudhaniwa kuwa amekosea, na ndiyo maana neno hili linalingana na habari za wafungwa na watoto watukutu. Penye watu ambao tayari huyahusisha maradhi ya akili na laana au uchawi, mfasiri anayeliteua huongeza shutuma juu ya ugonjwa.

Utengamao ni bora zaidi. Neno hili limekwisha zoeleka katika huduma za afya, pamoja na tiba ya viungo, na mzizi wake ni wa Kiswahili: mambo hutengamaa, mtu naye hutengamaa. Mtendaji katika kitenzi hicho ni mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, istilahi hii nayo haikukamilika. Hutaja hali inayofikiwa, lakini haitaji kazi ya wanaosaidia. Wapo watakaoshawishika kuunda "kumtengamaza", na hapo mgonjwa atarejea kuwa chombo. Ni maoni yetu kwamba "kumsaidia atengamae", ijapokuwa ni refu, ni sahihi zaidi.

Sasa tuyatazame maneno "yenye msingi wa kijamii". Haya ni sura ya lugha ya kigeni iliyovikwa kanga. Je, jamii ni mahali pa huduma, au ndiyo inayoitoa? Swali hili si la wanasarufi tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam na Hombolo katika Dodoma. Wagonjwa walilima badala ya kukaa bure wodini. Hilo lilikuwa jambo la maana. Lakini kijiji hicho hakikuwa kijiji chao cha nyumbani. Katika miaka ya 1980 mpango mwingine, uliojaribiwa Kilimanjaro na Morogoro, ulipeleka huduma ya akili katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Mipango hiyo miwili yaweza kuitwa "ya kijamii", ilhali mmoja humwondoa mtu kwao na wa pili humfuata huko huko. Istilahi isiyotofautisha mambo hayo humpotosha mpanga bajeti na mwananchi kwa pamoja.

Tuseme mhudumu wa afya amefika Kiseke, Ilemela, katika nyumba ya mama ambaye mwanawe amerudi kutoka hospitali. Akisema, "Tumeleta ukarabati wenye msingi wa kijamii," mama ataitikia kwa adabu tu. Akisema, "Tutasaidiana, wewe, majirani na zahanati, ili mwanao ameze dawa zake, arudi kazini na atengamae hapa hapa," mama ataelewa wajibu wake, na ataweza kudai wa wengine. Asipoelewa, dawa huenda zikaachwa, na kijana akarudishwa wodini au akafungiwa chumbani.

Kwa hiyo twapendekeza "utengamao shirikishi". Wananchi wamekwisha uzoea "ulinzi shirikishi", nao wanajua kwamba neno hilo huwadai kushiriki. Pendekezo hili lina hatari yake: Serikali yaweza kujificha nyuma ya ushirikishi na kuiachia familia maskini mzigo wote. Hivyo fasili haina budi kutaja dawa na mhudumu, sawia na jirani na jembe. Walimu, wafasiri na watumishi wa afya na walijaribu neno hili mbele ya wanaohusika kabla halijasanifiwa, na mgonjwa mwenyewe awe wa kwanza kuulizwa.