Asiyezeeka

Wanasheria husema jinai haiozi. Jalada linaweza kulala, mpelelezi akastaafu, shahidi akahamia mji mwingine, ila mauaji hayafutwi na kalenda. Watunzi wengi wa tamthilia za polisi huipitia kauli hiyo juu juu. Meredith Stiehm aliyebuni Cold Case, iliyorushwa na CBS ya Marekani kuanzia 2003 hadi 2010, aliijengea nyumba nzima.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Tuko Philadelphia. Lilly Rush, anayeigizwa na Kathryn Morris, na wenzake wa kitengo cha mauaji hushusha sanduku la ushahidi kutoka kwenye rafu, kisha huanza kubisha hodi kwa watu waliodhani wameshasahauliwa. Vipindi 156, na karibu vyote hupita njia hiyo hiyo. Apendaye mafumbo magumu akatafute kwingine. Mara nyingi nimemjua muuaji kabla chai yangu haijapoa, na bado sikunyanyuka.

Kilichonikalisha ni mkato mmoja wa picha. Mpelelezi anamuuliza bibi kizee alikuwa wapi usiku ule. Bibi anainamisha kichwa, na anapokiinua, kufumba na kufumbua, ni binti mbichi mwenye rangi nyekundu mdomoni. Mara ni bibi tena. Hakuna anayetueleza kitu. Lakini hebu pima kazi iliyolala nyuma ya sekunde ile: kutafuta waigizaji wawili, mzee na kijana, ambao hata shingo wanaigeuza kwa namna moja. Pua kufanana hakutoshi. Katika kipindi cha kesi ya 1932, Piper Laurie ndiye Rose aliyezeeka, na ukimtazama huoni mwigizaji aliyepachikwa mahali pa mwenzake. Unaona msichana aliyekaa miaka sabini na kitu ndani ya mwili unaochakaa.

Nyumbani kwetu kuna picha ya bibi yangu, kasimama studio, mkono juu ya stuli yenye maua ya plastiki. Alipokuwa hai nilizoea kumtazama yeye, kisha picha, kisha yeye, nikingoja wakutane. Wale mafundi wa Cold Case waliwakutanisha.

Kumbukumbu nazo zina mavazi yake. Za zamani sana huja kwa nyeusi na nyeupe, nyingine kwa rangi zilizopauka kama picha za albamu, na kila mwaka huingia na nyimbo zake halisi, zile redio ilizopiga wakati huo. Uaminifu huo uliwagharimu: haki za nyimbo zilikuwa kikwazo kikubwa cha kuitoa tamthilia kwenye DVD. Wangeweza kutunga muziki wa bei nafuu unaofanana na wa zamani. Nashukuru hawakufanya hivyo, maana sikio haliongopewi.

Za mwizi arobaini, twasema; humu ndani arobaini huhesabiwa kwa miaka. Muuaji anapotiwa pingu huwa babu mwenye wajukuu na bustani nzuri, na unaanza kumhurumia. Hapo ndipo mkato ule unarudi: kwa nukta moja mikono iliyofungwa ni ya yule kijana wa usiku ule, mwenye nguvu zake, na huruma yako inakosa pa kukaa.

Wote wana nyuso mbili, muuaji, mjane, rafiki aliyenyamaza, isipokuwa mmoja. Marehemu hupewa mwigizaji mmoja tu. Kesi ikiisha, sanduku likirudishwa kwenye rafu na wimbo wa mwisho ukipigwa, Lilly humwona ng'ambo ya barabara, kati ya magari ya leo, na nguo zile zile alizofia, ngozi yake bila hata kunyanzi moja. Wanatazamana kidogo. Gari linapita, na pale aliposimama pamebaki barabara.