Stempu Isiyo na Bei

Stempu ya kawaida huchapwa kwa maelfu, bei ikiwa imeandikwa tayari kabla mwenye barua hajanunua hata bahasha. Ya mashine hutokea kinyume. Karatasi hukaa ndani ikiwa haina bei wala thamani, mpaka mtu atumbukize sarafu na kubonyeza kitufe. Hapo tarakimu huchapwa, kipande kikakatwa, kikatoka. Uzuri wa kuzikusanya uko hapo: kila moja imechapwa kwa ajili ya mtu mmoja na barua yake.

Uswisi ilianza kuzitumia mwaka 1976 kwa mashine za kampuni ya Frama. Uingereza ilizijaribu mwaka mmoja tu kuanzia Mei 1984, huko London, Cambridge, Southampton na Windsor. Australia nayo ilianza mwaka huohuo.

Australia si ngeni huku Kintinku, Tanzania ya kati. Treni ya Reli ya Kati ikitoka Bahi hupita Kintinku, bondeni, kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Juu ya ukingo huo ndiko Kilimatinde, yenye hospitali ya Kanisa Anglikana. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia, na wamisionari wa huko waliendelea kuja Ugogo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo anayezitafuta Kintinku aanze kwa wazee wa kanisa, walimu na wauguzi wastaafu, awaombe kwa adabu bahasha za zamani. Akibahatika kupata stempu ya mashine ya Australia yenye kangaruu, atazame namba ya posta iliyochapwa hapo: 2000 ni Sydney, 3000 ni Melbourne. Namba hiyo humwambia mashine ilisimama mji gani.

Afrika Mashariki ina mzee wa ukoo huu wa stempu za mashine. Mwaka 1895, huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alipiga chapa stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta, bei zake zikihesabiwa kwa makombe ya kauri.

Mkusanyaji makini habandui stempu. Huihifadhi bahasha nzima, kwa sababu bei, muhuri na tarehe vikisomwa pamoja ndipo barua inapoeleweka. Stempu za mashine za Post and Go, zilizoanza Uingereza mwaka 2008, zilichapwa kwa joto na huweza kufifia. Kwa jua la Kintinku, ziwekwe kwenye boksi lenye kifuniko, mbali na dirisha na chini kabisa ndani ya kabati, si juu karibu na bati.