Sili Haivuji Bila Sababu

Kazi za ufundi wa magari zina madaraja yake ya heshima. Anayefungua injini nzima na kuirudisha ikaunguruma huitwa fundi. Anayebadilisha sili ya krenki huonekana kama mtu aliyebandika kiraka tu. Sili yenyewe inachangia dharau hiyo. Ni pete ya mpira yenye kiunzi cha bati, haina mlio wala mng'aro, na katika maduka ya spea ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo juu ya kaunta. Hata hivyo, naona kazi hii inastahili sifa kuliko nyingi zinazoizidi kelele, na mahali pake pazuri ni nyumbani. Gharama yake halisi ni muda wa kuchunguza, na huo ndio muda ambao gereji yenye foleni ya magari hainao.

Krenki ni lazima itokeze nje ya injini kwa ncha zote mbili: mbele izungushe puli, nyuma ibebe flaiwili. Kila inapotokeza pana tundu, na nyuma ya tundu hilo oili inarushwa huku na huku; sili ndiyo inayoizuia isitoke. Ikiwa sehemu ya shafti inayopita kwenye sili ya nyuma ina kipenyo cha milimita 80, basi injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, chuma hukwaruza mdomo wa sili kwa kasi inayozidi mita 12 kwa sekunde. Mpira mkavu usingestahimili. Kinachouokoa ni utando wa oili, mwembamba kuliko unywele, unaokaa kati ya mpira na chuma. Mdomo nao umechongwa kwa hila: upande unaoelekea oili una mwinuko mkali kuliko upande wa hewa, na kwa sababu hiyo mzunguko wa shafti huirudisha oili ndani. Ukiiweka sili kinyumenyume, mzunguko uleule utaisukuma oili nje. Juu ya mdomo huzungushwa springi nyembamba inayoubana dhidi ya shafti. Sili ya namna hii ilipata umbo lake Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930, mikononi mwa mhandisi Walther Simmer wa kampuni ya Freudenberg, iliyoanza kama kiwanda cha ngozi; sili za mwanzo zilikuwa za ngozi, mpira ukafuata.

Kifaa kilichofikiriwa kiasi hicho hakivuji kwa ukaidi, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Huenda mpira umekakamaa kwa joto na miaka. Huenda vali ya PCV, inayoipumulisha injini, imeziba kwa masizi, na moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni umekosa njia na kuisukuma oili kupitia sehemu dhaifu. Huenda mdomo wa sili umechimba mfereji kwenye shafti yenyewe. Au huenda sili haina kosa lolote: oili inatoka juu, kwenye gasketi ya kava ya tapeti, ikateremka na kupeperushwa na upepo hadi ikakusanyika chini na kumsingizia asiyehusika. Kwa hiyo injini huoshwa kwanza, ikawashwa, kisha ikamulikwa kwa tochi kuanzia juu. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Sili inaongeza sharti kwamba ujue kwanza ukuta umepasuka kwa nini. Anayeweka sili mpya juu ya PCV iliyoziba ameahirisha uvujaji tu, tena kwa gharama zake.

Chukua Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini za ukoo wa A, kama 4A na 5A. Sili ya mbele imekaa kwenye mwili wa pampu ya oili, nyuma ya mkanda wa taimingi. Kuifikia kunahitaji kutoa puli, kuweka alama za taimingi na kuushusha mkanda. Kisha inakuja hatua inayoitenga pupa na ufundi: kuing'oa sili kuukuu bila kuigusa shafti. Ncha ya bisibisi ikiteleza na kuacha mkwaruzo pale mdomo mpya utakapokaa, sili ya bei yoyote itavuja. Baada ya hapo shafti husafishwa na kupapaswa kwa ukucha kutafuta mfereji. Ukiwapo, sili inaweza kukalishwa kwa kina tofauti kidogo, ikiwa nafasi inaruhusu, au shafti ikavishwa bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mdomo wa mpira hupakwa oili, maana mizunguko ya kwanza ikiwa mikavu huuchana. Sili za teflon zina sharti lake, nyingi hufungwa kavu. Mwisho, sili hugongwa polepole kwa bomba lenye upana unaolingana nayo ili iingie sawia pande zote, kwani ikikaa upande, springi inaweza kuruka na kazi ikarudi mwanzo. Hakuna hatua hata moja inayodai nguvu nyingi, isipokuwa bolti ya puli. Zote zinadai mtu asiyeharakishwa.

Atasema mwenye kupinga kwamba nyumbani ni mahali pa hatari. Ni kweli, na pingamizi hilo lina mipaka yake. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake haliingiwi chini. Stendi ni lazima. Sili ya nyuma hudai kushusha giaboksi, na asiye na msaidizi wala vifaa vya kuibeba anafanya busara kuipeleka kwa makanika. Mwingine atauliza kwa nini tusumbuke wakati kuna dawa za kumwaga kwenye oili zinazozuia uvujaji. Nyingi huulainisha na kuuvimbisha mpira uliokakamaa, na kwa muda zinaweza kusaidia, lakini hazifuti mfereji wa shafti wala hazizibui PCV. Na yule anayeona nafuu kuongeza oili kila wiki asisahau inakokwenda: mbele huulowesha mkanda wa taimingi hadi ukaharibika, nyuma hufika kwenye klachi ikaanza kuteleza.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki: kila mtu akijifungia sili yake, makanika atakula nini? Lakini sili ya mbele ni sehemu ndogo sana ya kazi yake, na makanika mzuri haumizwi na mteja anayejua. Anayemwumiza ni mteja asiyejua, kwa kuwa huyo hupima kazi kwa bei ya kipuri, huona ni wizi kulipia siku nzima kwa ajili ya pete ya mpira, na hivyo humsukuma fundi aharakishe na kuruka uchunguzi. Aliyewahi kuipapasa shafti kwa ukucha wake ataipeleka gereji sili ya nyuma akiwa na maswali ya maana: PCV imekaguliwa? Shafti ina mfereji? Na atalipia majibu hayo bila kunung'unika, kwa sababu anajua kwamba pete ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote.