Pongezi kwa Taaluma ya Kufunza Misuli ya Kinywa

Yastahiki pongezi ile taaluma iwafundishayo matabibu wa meno kwamba waya wa kunyoosha meno pekee hautoshi. Kwani ulimi usukumao meno ya mbele kila mtu amezapo mate, na midomo iachwayo wazi usiku kucha, huweza kuyarudisha yalikotolewa mara waya uondolewapo. Tabibu wa meno Alfred Rogers wa Boston, Marekani, aliihimiza elimu hiyo ya misuli tangu 1918. Mtazame mtoto akiegemeza ncha ya ulimi kwenye ufizi, nyuma ya meno ya juu pasi na kuyagusa, kisha ameze bila kukaza midomo: kazi ndogo, lakini yataka subira na mwalimu hodari. Nasi wa Koni, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tuishio palipoongozwa nguvu za mto Lufira hata zikatoa umeme, twatamani mno matabibu wa mji wa Likasi wapewe mafunzo hayo.