Kitovu kisicho na herufi: uhakiki wa awamu za TOGAF

Mfumo uitwao TOGAF ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1995, ukiwa umejengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo lake la kumi lilitoka mwaka 2022. Kiini chake ni utaratibu wa kusanifu taasisi nzima, yaani kupatanisha shughuli zake, habari zake na mitambo yake. Hapa tunauhakiki kama matini, kwa kuwa utaratibu wowote huwafikia watu kwa njia ya maneno.

Baada ya awamu ya awali, ambayo ni ya maandalizi, zinakuja awamu nane zenye herufi A hadi H: dira, usanifu wa shughuli, usanifu wa mifumo ya habari, yaani data na programu, usanifu wa teknolojia, fursa na ufumbuzi, mpango wa kuhama, usimamizi wa utekelezaji, na usimamizi wa mabadiliko. Mpangilio huo unastahili sifa, maana shughuli zinatangulia na mashine zinafuata. Anayenunua kompyuta kabla ya kujua kazi zitakazofanywa nazo ameanzia mwisho.

Hata hivyo, mchoro wenyewe una kasoro. Awamu zimepangwa kwa duara, na katikati umewekwa usimamizi wa mahitaji, unaounganishwa na awamu zote. Sehemu hiyo haikupewa herufi. Waandishi wanaeleza wazi kwamba awamu zaweza kurudiwa, tena mpangilio wake waweza kurekebishwa. Lakini herufi zinafundisha jambo jingine. Msomaji mgeni huvutwa na alfabeti, akakisahau kitovu.

Kasoro hii inawagusa watu. Wadau hutambuliwa katika awamu A. Karani asiyetajwa hapo, ingawa ndiye atakayejaza fomu kila siku, atasikilizwa mapema iwapo tu kitovu kinafanya kazi. La sivyo, malalamiko yake yatapokewa katika awamu H, kwa jina la mabadiliko, wakati gharama zimekwisha kulipwa.

Ndiyo maana uteuzi wa istilahi una uzito. Neno «hatua» lingezidisha kosa, kwani hatua hutufikirisha mwendo wa kwenda mbele tu. «Awamu» linakubali zamu na marudio. Tunawapendekezea wanaofundisha somo hili kwa Kiswahili wachore mahitaji kwanza, kisha awamu zinazoyazunguka. Mchoro utakuwa ule ule, ila mwanafunzi atajua aanze kuusomea wapi.