Herufi za Kusomea Kwetu

Aghalabu tunapohakiki kitabu tunatazama kisa, lugha na mafunzo yake. Herufi zenyewe hatuzitaji, kana kwamba zimejiotea karatasini. Lakini kila sura ya herufi, ambayo watu wa kompyuta huiita fonti, ina aliyeichora, naye aliwaza ukurasa wa namna fulani. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Ni nyembamba kwa kuwa gazeti hubana maneno mengi mahali padogo. Verdana ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, ikatolewa mwaka 1996. Ni pana, maana ilikusudiwa isomeke katika skrini za siku zile. Ukiichapa kitabuni inakula karatasi bure.

Sisi tunaosoma Kiswahili yatupasa tuzipime fonti kwa maneno yetu. Andika "Ilani" kwa Arial. I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana karibu kabisa. Nasi tunazo Ili, Ilikuwa na Ilipofika katika kila ukurasa! Tazama pia "lililolala": ni safu ya miti ya uzio. Mtu mzima hupita kwa mazoea. Mtoto wa darasa la kwanza husoma herufi moja moja, hana mazoea ya kumwokoa.

Kwa sababu hiyo naisifu fonti iitwayo Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Jina lake ni neno letu wenyewe. Herufi zinazoweza kuchanganywa zimetengwa, na a yake ni duara lenye kijiti, kama aiandikavyo mwalimu ubaoni. Hutolewa bure, na katika skrini ndogo ya simu inasomeka vizuri.

Hapa Rungwe ina faida nyingine. Kiswahili kina irabu tano, Kinyakyusa kina saba. Baadhi ya wanaokiandika huzitimiza kwa i na u zilizokatwa kwa mstari. Andika inazo herufi hizo. Fonti isiyokuwa nazo huacha kisanduku kitupu. Nimepata kuona kijitabu ambacho mpiga chapa, alipoona visanduku, aliweka i na u za kawaida, kazi ikaisha. Mzee anayeijua lugha alikisoma bila taabu. Mjukuu aliyekulia Dar es Salaam alitamka visivyo, wala hakujua kwamba amekosea. Lugha hupotea kwa njia ndogo kama hizo.

Hata hivyo, Andika haifai kila kazi. Riwaya ya kurasa mia mbili kwa herufi hizo humrudisha mtu mzima kwenye kitabu cha kwanza cha kusomea. Kwa kitabu kirefu cha karatasi nachagua Charis, ya shirika hilo hilo. Ina vijikia kwenye ncha za herufi, na irabu zetu zote zimo. Imetokana na Charter, aliyoichora Carter yule yule mwaka 1987 ili istahimili printa duni za wakati ule. Nasi tunaotegemea mashine za fotokopi zenye wino hafifu twaujua umuhimu wa herufi stahimilivu.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kupeleka maandishi yako mtamboni, chapa ukurasa mmoja wenye "Ilani", "lililolala", "ng'ombe" na neno la lugha ya kwenu. Kama utasomwa kwenye simu, utazame kwenye simu, tena nje juani. Kisha mpe mtoto ausome kwa sauti, na mzee baada yake. Pale watakapokwama wote wawili, usiwalaumu macho. Badilisha herufi.